Saa kumi za krediti moja

Kila nikisema ninasoma Chuo Kikuu Huria nikiwa nyumbani hapa Pasua, Moshi, swali la kwanza huwa ni ada. La pili ni kama shahada yenyewe itakubalika. Hakuna anayeuliza habari ya saa. Mimi naona saa ndizo zinazowaangusha wengi, hasa sisi kina mama, kuliko hata hiyo ada.

Hesabu iko hivi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusoma, kuandika, kujiandaa na mtihani, vyote humo humo. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Zidisha, ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki 50, kila wiki inakudai saa 24. Mwalimu wa shule ya msingi anayerudi nyumbani na rundo la madaftari ya kusahihisha azitoe wapi? Ndiyo maana nimechukua nusu ya mzigo. Nitachelewa kumaliza, na sina haraka. Huria inakuruhusu kwenda kwa mwendo wako, na kwangu huo ndio uzuri wake mkubwa.

Nusu yenyewe bado ni saa 12. Nyingi ninazipata alfajiri, tangu saa kumi mpaka karibu saa kumi na mbili, kabla sijabandika chai. Vitini ninavipakua usiku bando likiwa nafuu, ili hata umeme ukikatika niwe navyo kwenye simu. Zinazobaki ni za Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo penye vita. Jirani anapita, wifi anapiga simu nimsindikize Mbuyuni sokoni. Ukiwa nyumbani watu wanajua huna kazi.

Jumamosi moja mama mkwe alishuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, akanikuta mezani na kitini cha saikolojia ya elimu. Nikamwamkia, nikainuka nifuate kisu.

"Hiyo kazi yako inaisha saa ngapi, mwanangu?"

Nikamweleza: somo la krediti 10 ni saa 100, na zisipotimia mtihani utanidai. Mama huyu ameuza ndizi soko la Kiboriloni tangu ujana wake. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi hiyo krediti yako moja ni siku nzima ya soko. Na mimi hakuna aliyewahi kunifuata sokoni aniambie nirudi nikamenye ndizi."

Akavuta kigoda uani, akamenya mwenyewe. Jirani alipoingia kuniulizia, nikamsikia mama akimjibu, "Yuko kazini. Rudi saa saba."

Nilisoma vizuri mno siku ile.

Kuhusu kukubalika sitasema mengi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, makao yake yako Dar es Salaam na kina vituo mikoani, kikiwemo cha kwetu Kilimanjaro. Mtihani hatufanyii kitandani: tunakaa kituoni, kitambulisho mezani, msimamizi anapita katikati ya madawati. Na anayedhani masomo ya masafa ni ya waliokosa akili, akumbuke kwamba Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka UNISA, chuo kikuu cha masafa cha Afrika Kusini, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujiunga, kabla ya kujaza fomu kaa na watu wa nyumbani mwako na karatasi. Waandikie saa za wiki, muulizane nani atabeba nini. Kwetu baba watoto amechukua Jumamosi asubuhi yote: uji, sare za shule, mpaka kuku. Usiwaombe "msaada" wa jumla jumla, maana huo unaisha wiki ya pili. Taja siku, taja saa. Wakikupa saa sita tu kwa wiki, hizo ni kama krediti 30 kwa mwaka. Chukua masomo yanayoenea humo, mengine uyaongeze mwakani watoto wakishajua kujifulia.