Siku Shangazi Alipouona Lengai

Shangazi yangu alifundisha jiografia kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka aliuchora mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ubaoni: pembetatu, shimo juu, mishale ya lava inayopanda. Kuuona kwa macho yake, hakuwahi. Alipostaafu sikutaka kumpa kitenge. Julai 2018 nilimwambia afungashe sweta mbili, tunakwenda Empakaai.

Empakaai ni kreta yenye ziwa, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa kaskazini-mashariki, mbali na ile kubwa inayokimbiliwa na kila mgeni. Tulikipita kijiji cha Nainokanoka asubuhi na mapema, ukungu umelalia barabara, ng'ombe wanachomoza mbele ya gari ghafla kisha wanapotea. Askari wa uhifadhi tuliyepewa alikuwa na bunduki, maana msitu wa kuteremkia ziwani una nyati. Alimwamkia Shangazi, akauona mguu wake wa kulia unaomsumbua goti, akasema, "Mama, leo wewe ndiye utakayetembea mbele. Sisi tutafuata mwendo wako."

Tulikuwa bado ukingoni, tunafunga kamba za viatu, ukungu ulipofunguka. Lengai ukasimama pale peke yake, mkali, mweupe kileleni. Shangazi aliacha kiatu kimoja wazi. Alikaa kimya muda mrefu, nami nikaogopa hata kumsemesha.

"Watoto wote huwa wananiambia ule weupe ni theluji," alisema hatimaye. Kisha akamgeukia askari na kumweleza kwamba lava ya mlima ule imejaa magadi, hutoka nyeusi, ikishakutana na unyevu inageuka nyeupe. Yule kijana, anayeuona mlima huo karibu kila siku, alisikiliza mpaka mwisho. Tangu hapo hakumwita tena Mama. Alimwita Mwalimu.

Njia ya kushuka ni nyembamba, inapinda ndani ya msitu wenye miti iliyovaa kuvumwani. Mwenye haraka anafika chini kabla ya saa moja kwisha. Sisi tulitumia karibu saa mbili, na mwanzoni, lazima niseme, nilikuwa najikuta nimetangulia na kurudi, nimetangulia na kurudi. Kwenye kona ya tatu askari aliinua mkono. Mbele yetu palikuwa na mavi ya nyati, mabichi, bado yanafuka. Tukasimama bila kukohoa. Dakika kumi hivi.

Nyati hatukumwona. Lakini katika kusimama kule msitu ulitusahau. Kima wakarudi matawini na kuendelea kuchuma matunda. Pongo dume alitokeza kichwa kichakani, sikio moja limeelekea kwetu, jingine kule alikotoka. Kisha ndege wa kijani akaruka juu ya njia, na alipofungua mabawa yakawa mekundu kama damu. "Shorobo," alinong'ona askari. "Mwalimu, wekundu ule una madini ya shaba ndani yake." Shangazi alimtazama kwa furaha ya mtu aliyejibiwa swali vizuri darasani. Tangu hapo sikutangulia tena.

Chini, ziwa linachukua zaidi ya nusu ya sakafu ya kreta, na kuta zimelizunguka pande zote, hata upepo unafika umechoka. Ufukwe ulikuwa wa waridi kwa heroe. Walisogea mbali tulipotokea, nasi tukakaa juu ya gogo. Shangazi alichovya kidole majini, akaonja. "Magadi," alisema. "Kama ya kulainishia makande."

Kukaa kwetu kulizaa matunda. Taratibu heroe walirudi, mpaka nikaweza kuiweka chini darubini. Heroe hula kichwa chini juu: shingo inashuka mpaka majini, mdomo unageuka, anachuja vijimea vya kijani ambavyo ndivyo vinavyompa rangi yake. Miguu haitulii, inakanyagakanyaga tope. Na kuna sauti, ambayo picha hazikuwahi kuniambia: mnong'ono mzito, wa mfululizo, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili. Shangazi alifumba macho kuisikiliza.

Kupanda kulikuwa kugumu. Kila kona alipumzika, mkono begani kwangu, na askari alijifanya anachunguza nyayo ili asimharakishe. Alikuwa mwema, yule kijana.

Tulipofika juu wingu lilikuwa limeshaufunika Lengai. Gari lilikuwa limejaa vumbi la njiani. Shangazi alisimama nyuma yake, akauchora mlima kwa kidole kwenye kioo. Pembetatu ile ile ya ubaoni. Halafu akasita, akafuta ubavu wake kwa kiganja, akauchora upya, safari hii akiteremsha mistari mirefu ya makorongo toka kileleni hadi chini, mmoja baada ya mwingine, kama alivyoyaona asubuhi.