Daktari hakimbii bei, anakimbia tarehe

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani ya serikali, tarehe 1 Oktoba 2024, mabishano mengi kuhusu madaktari wa Kenya yamekuwa ya bei. Upasuaji wa kujifungua KSh 30,000, kujifungua kwa kawaida KSh 10,000, kitanda cha Level 4, yaani hospitali ya ngazi ya nne kati ya sita, KSh 3,360 kwa siku, kusafisha figo KSh 10,650 kwa kikao. Wako wanaosema viwango hivi ni vidogo mno na vitawafukuza madaktari. Mimi naona hapo si penye moto. Bei ndogo ina dawa yake: unapunguza matumizi, unaongeza wagonjwa, unaacha huduma isiyolipa. Malipo yasiyo na tarehe hayana dawa, na hayo ndiyo yanayomfanya daktari aanze kutafuta mlango.

Chukua hospitali ndogo ya Level 4 yenye wagonjwa 10 waliolazwa kila siku. Kwa KSh 3,360 kila mmoja, hiyo ni KSh 33,600 kwa siku, au KSh 1,008,000 kwa mwezi wa siku 30. Malipo yakichelewa miezi minne, mwenye hospitali amekwisha kuikopesha serikali KSh milioni 4 bila kuulizwa. Akizikopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka ili awalipe wauguzi na muuza dawa, riba peke yake ni karibu KSh 54,000 kila mwezi. Hakuna kipengele cha riba hiyo kwenye orodha ya viwango vya SHA. Na NHIF ilipofungwa iliacha ikidaiwa na hospitali takriban KSh bilioni 30, hivyo wengi waliingia kwenye mfumo mpya wakiwa tayari wamekopesha kwenye ule wa zamani. Machi 2025 Rais Ruto aliagiza waliokuwa wakidai KSh milioni 10 kwenda chini walipwe kwanza. Mwezi uliotangulia, RUPHA, chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na mashambani, kilikuwa kimetangaza kwamba wanachama wake watadai pesa taslimu.

Mfumo wenyewe una mifuko mitatu, na daktari anayetaka kujua atalipwa na nani lazima aitenganishe. Mfuko wa Huduma za Msingi unagharamiwa na kodi na unahudumia Level 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, kwa kiwango cha KSh 900 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12 upate KSh 75. Mfuko wa SHIF, yaani wa bima ya afya ya jamii, ndio unaobeba kulazwa na upasuaji, na unategemea michango ya asilimia 2.75 ya mapato, isiyopungua KSh 300 kwa mwezi. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, unaoingia pale SHIF inapoishia.

Kikwazo kikubwa kiko kwenye SHIF. Mwajiriwa anakatwa kila mwezi bila kusumbuliwa. Mama mboga au mtu wa bodaboda anapimwa kipato chake kwa maswali, kisha anatakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Wengi wamejisajili na hawajalipa. Basi mgonjwa anafika na jina lake kwenye mfumo limo, anaamini ana bima, na daktari ndiye anayelazimika kumwambia hana. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliletwa kupunguza tatizo hilo kwa kumkopesha mtu mchango. Usajili unaotangazwa kwa mamilioni hauwezi kulipa hospitali. Kinachoilipa ni michango.

Baada ya hapo kuna safari ya dai. Mgonjwa anathibitishwa, zamani kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, sasa zaidi kwa alama za vidole. Namba ya simu ilileta shida ambazo mtu wa ofisini Nairobi asingezifikiria: nyanya wa Kitui amesajiliwa kwa laini ya mwanawe aliye Mombasa, na mwanawe hashiki simu. Kisha huduma zinazohitaji idhini, kama upasuaji na picha za gharama, zinaombewa idhini kabla. Kisha ugonjwa unaandikwa kwa msimbo, dai linaingizwa, linakaguliwa, linakubaliwa, linarudishwa au linakataliwa. Dai hurudi kwa sababu ndogo: msimbo wa ugonjwa hauendani na upasuaji ulioombewa, tarehe ya kuruhusiwa haikuandikwa, jina kwenye kitambulisho limepishana herufi na jina kwenye mfumo. Hospitali kubwa ina karani wa kazi hiyo. Kwenye zahanati ya daktari mmoja, karani ni daktari mwenyewe, saa mbili usiku, akiwa amemaliza wagonjwa. Saa hizo hazimo kwenye KSh 900.

Na kuna hofu mpya. Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa hospitali kadhaa zilizoshukiwa kudai pesa za uongo, na baadhi ya wahudumu wa afya wakaguswa pia. Udanganyifu upo, sitautetea. Mgonjwa wa nje anaandikwa kuwa amelazwa, faili moja inadaiwa mara mbili. Lakini dai hubeba namba ya usajili ya daktari. Daktari aliyefanya zamu hapo wikendi chache na kuondoka huenda hajui namba yake bado inatumika. Kwa hiyo ukiacha kazi hospitali ya kibinafsi, andika barua ya tarehe ya mwisho ya kazi, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala uipeleke Baraza la KMPDC, linalosajili madaktari. Ukiwa bado kazini, omba kuona madai yaliyopelekwa kwa jina lako kila mwezi. Hospitali inayokataa kukuonyesha imekwisha kukujibu.

Watu wa mwisho kwenye foleni ya malipo ni madaktari wa lokamu, wale wanaolipwa kwa saa au kwa zamu. Pesa za SHA zikiingia, hospitali hulipa kwanza umeme, oksijeni na dawa, kwa sababu hivyo vikikatika milango inafungwa. Kisha mishahara ya kudumu. Lokamu husubiri. Daktari bingwa wa upasuaji au wa nusukaputi anaweza kuwa anadai hospitali tatu kwa wakati mmoja, zote zikimwambia neno lile lile: SHA haijalipa. Huyu hagomi wala haandiki barua ya kujiuzulu. Anaacha tu kupokea simu ya hospitali inayomwita kwa mgonjwa wa bima, na anabaki na ile inayolipwa taslimu. Hakuna takwimu inayomhesabu kuwa ameacha kazi, ilhali kwa mgonjwa wa SHA amekwisha kuacha.

Tanzania ugomvi ulikuwa wa aina nyingine. Machi 2024 NHIF ya huko ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali za kibinafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa mfuko zikisema bei hazibebi gharama, na mazungumzo yakawarudisha mezani. Pale kila upande ulikuwa na namba yake mkononi, na namba mbili zinaweza kukutana katikati. Deni lisilo na tarehe linakutana na nini?

Upande wa serikali, mageuzi yaliyowagusa madaktari zaidi ni ya zamani kuliko SHA. Ni ugatuzi wa 2013, huduma za afya zilipopelekwa kwa kaunti 47. Mshahara wa daktari wa kaunti sasa hutegemea Hazina Kuu kuachilia mgao, Mdhibiti wa Bajeti kuidhinisha, na kaunti yenyewe kuweka mishahara mbele ya wakandarasi. Hatua moja ikikwama, mwezi unapita. Mshahara ukichelewa, mkopo wa benki au wa sacco haulipwi na jina linaweza kupelekwa CRB, wanaotunza rekodi za wasiolipa mikopo. Kibaya zaidi ni makato yaliyoonyeshwa kwenye hati ya mshahara lakini hayakufikishwa yanakokwenda. Hilo hulijui mpaka unapoomba taarifa ya pensheni yako. Iombe kila mwaka, usingoje kustaafu.

Ugatuzi pia ulifanya uhamisho kuwa mgumu. Zamani mume na mke madaktari wangeweza kuhamishwa wawe pamoja kwa uamuzi wa wizara moja. Leo unahitaji barua ya kuachiliwa na kaunti unayotoka, barua ya kukubaliwa na kaunti unayokwenda, nafasi yenye bajeti huko, na pensheni iendelee bila kukatika. Kaunti inayokupokea mara nyingi ina bajeti ya ngazi ya chini kuliko yako. Watu wengi huishia kujiuzulu na kuajiriwa upya, wakipoteza ukubwa wa kazi. Wengine hujiuzulu na kuishia hapo.

Kisha mikataba. Kaunti kadhaa zimependelea kuajiri kwa miaka mitatu badala ya ajira ya kudumu yenye pensheni. Kwenye karatasi mshahara unaweza kulingana. Tofauti inaonekana daktari anapotaka kusomea ubingwa, kazi ya miaka minne au zaidi. Mkataba wa miaka mitatu hauwezi kumpa ruhusa ya masomo yenye mshahara ya miaka minne, ni hesabu ya darasa la pili. Basi anajilipia karo huku akifanya kazi wodini kama mwanafunzi bila mshahara, na akimaliza hana deni lolote kwa kaunti. Kaunti ikishangaa kwa nini bingwa hakurudi, ingetazama mkataba iliomwandikia.

Wanagenzi, yaani madaktari walio kwenye mwaka wa mafunzo kazini baada ya chuo, nao waliona mapema jinsi ahadi zinavyogeuka. Mkataba wa Makubaliano ya Pamoja, ile CBA ya 2017, uliwapa KSh 206,400 kwa mwezi. Ulitiwa sahihi mwaka ule ule uliomaliza mgomo wa siku 100. Mwaka 2024 serikali ikataka kuwalipa KSh 70,000, karibu theluthi moja. Mgomo ulianza tarehe 14 Machi na kuisha tarehe 8 Mei, siku 56, na suala la wanagenzi likaachwa wazi hadi makubaliano ya Desemba 2024 yaliyorudisha kiwango cha CBA. Mwanagenzi hana pa kukimbilia, kwa sababu bila mwaka huo wa uanagenzi hapati leseni kamili. Lakini anakumbuka. Daktari wa miaka 26 aliyejifunza kwamba sahihi ya serikali inaweza kubishaniwa baada ya miaka saba hatapanga maisha yake juu ya sahihi nyingine. Kiambu, mgomo wa madaktari wa 2025 ulikaribia miezi mitano.

Kuna tusi dogo ndani ya haya yote. Daktari mwenye mshahara wa KSh 200,000 alikuwa akikatwa na NHIF KSh 1,700, ambacho kilikuwa kiwango cha juu kabisa. Kwa asilimia 2.75 anakatwa KSh 5,500. Makato hayo hayachelewi hata siku moja.

Wanaosema madaktari wote watakwenda Uingereza wanarahisisha. Njia ya kawaida ni mtihani wa PLAB: kwanza Kiingereza, IELTS ya 7.5 kwa jumla bila sehemu yoyote kushuka chini ya 7.0, au OET ya daraja B. Kisha sehemu ya kwanza yenye maswali 180 kwa saa tatu. Kisha sehemu ya pili ambayo lazima uende Manchester, na viza na nauli ni juu yako. Ukifaulu unasajiliwa na GMC, baraza la madaktari la Uingereza, na usajili si kazi. Miaka ya karibuni waliofaulu wamekuwa wengi kuliko nafasi, na kuna waliokaa miezi mingi bila kuitwa hata kwa mahojiano. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuondoka haivuki uwanja wa ndege. Ni daktari anayehamia shirika lisilo la kiserikali, kampuni ya bima, au kampuni ya dawa, ambako mshahara unaingia tarehe 28 na hakuna simu ya usiku. Leseni anaihuisha kila mwaka, kwenye daftari la KMPDC bado ni daktari. Ukihesabu madaktari wa Kenya kwa leseni, utadhani hakuna kilichotokea.

Katika sheria za afya zilizotiwa sahihi Oktoba 2023, ile ambayo ingesaidia zaidi haizungumzwi sana: Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo. Inaruhusu hospitali ya umma kubaki na pesa inazokusanya, badala ya kuzipeleka kwenye mfuko wa mapato wa kaunti na kuziomba tena. Hospitali yenye pesa zake hununua glavu na nyuzi za kushonea wiki hii hii, na daktari hamtumi jamaa wa mgonjwa duka la dawa ng'ambo ya barabara. Lakini sheria ya taifa peke yake haifungui akaunti; kaunti lazima ikubali kuachilia. Kwa hiyo daktari anayepewa barua ya kazi ya kaunti, kabla ya kuuliza posho ya nyumba, aulize mambo matatu. Hospitali ina akaunti yake na nani anatia sahihi? Mishahara ya miezi sita iliyopita iliingia tarehe zipi? Je, kuna daktari yeyote aliye masomoni sasa hivi akilipwa mshahara na kaunti hii? Swali la tatu apige simu kwa daktari mwenyewe, si kwa ofisi ya wafanyakazi.