Nilivyoikabili kutu kwenye Peugeot ya baba

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1978. Baba aliliegesha chini ya mparachichi nyumbani kwetu Tukuyu, akaugua, na miaka tisa ikapita bila kuwashwa. Anayeijua Tukuyu anajua mvua yake: sehemu za wilaya yetu ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku isiyonyesha ukungu wa asubuhi unalowesha kila kitu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara kadhaa, mama akawakatalia. Nilipomwambia nalichukua nikalifufue Mbeya, alinijibu, "Ulitengeneze kweli, mwanangu. Usilipake poda."

Alikuwa na sababu. Kabla baba hajaugua, gereji moja ililinyoosha na kulipaka rangi, likang'aa. Msimu mmoja wa mvua ulipopita, rangi ikavimba malengelenge chini ya milango. Niliyabandua kwa kisu nikakuta puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, nene kama kidole, na nyuma yake kutu inayomeguka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Walipaka puti juu ya kutu. Puti inanyonya unyevu na kuutunza palepale penye bati. Bado inaniuma, kwa sababu baba alilipa fedha yote.

Lori lilinishushia gari Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa Juni. Nilisubiri kiangazi makusudi. Na kabla ya kushika msasa, siku tatu nzima nilifanya kazi moja: kutafuta maji yalipitia wapi. Nilitoa viti, kapeti na vibao vya ndani ya milango. Kapeti ya upande wa dereva ukiikamua bado ilitoa maji. Nikaifuata njia ya maji kwenda juu hadi kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale hewa inapoingilia. Majani ya mparachichi yalikuwa yamejaa mle, yameoza yakawa mboji nyeusi, na katikati yake umeota mche mwembamba ambao mizizi yake imeziba tundu la kutolea maji. Niliichota mboji ile kwa kijiko cha chai, maana mkono haupiti. Ilijaa ndoo ndogo. Matundu ya chini ya milango nayo yalizibwa na matope pamoja na rangi ya ile gereji. Nilipoyazibua kwa waya wa spoku, mlango mmoja ulimwaga maji ya kahawia kama chai ya rangi.

Hapo ndipo nilipomwita mzee anayeninyooshea bodi. Alikuja na bisibisi tu. Anagonga kwa mpini na kusikiliza: bati zima linalia, lililoliwa linaitika kizito. Penye shaka anasukuma ncha. Nilipoonyesha kusita akaniambia, "Sukuma tu, mwanangu. Likitoboka, lilikuwa limeshatoboka." Tukaweka alama za chaki, duara penye kutu ya juujuu na msalaba pa kukata. Sakafu ya dereva, kingo mbili za chini ya milango na shimo la tairi la akiba vikapata misalaba.

Penye msalaba tulikata hadi tukafika bati safi, hata kama ni sentimita tano zaidi ya tulivyotaka. Betri na tenki la mafuta vilishatolewa. Mzee alichomelea viraka nukta kwa nukta, akihama huku na huku ili bati lisipinde kwa joto.

Penye duara ilikuwa kazi yangu. Brashi ya waya kwenye grainda, kisha msasa namba 80. Vidoa vyeusi vinavyobaki ndani ya vishimo havitoki kwa msasa. Hivyo nilivipaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, nikiwa na glovu na miwani, vikageuka kijivu, nikasuuza na kukausha vizuri. Vijana wa jirani walinishauri maji ya betri kwa kuwa ni rahisi. Nilikataa. Asidi ya betri ikiingia kwenye maungio ya bati huwezi kuisuuza yote, na itaendelea kula chini ya rangi.

Kosa langu kubwa nililifanya siku ya kwanza ya kupiga msasa. Nilisafisha boneti na fenda zote mbili, giza likaingia, nikafunika turubai. Asubuhi, pamoja na ule umande wa baridi wa Uyole, bati lililokuwa jeupe jana lilikuwa limeota unga wa rangi ya chungwa kila mahali. Nilirudia yote. Tangu hapo nilisafisha sehemu ninayoweza kuipaka praima, rangi ya kwanza ya kukinga bati, siku hiyohiyo kabla ya saa kumi jioni, na sikuigusa kwa mkono mtupu, maana jasho lina chumvi.

Bawaba, bolti na vyuma vidogo nilivitumbukiza kwenye molasi, ile ya kulishia ng'ombe, sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Wiki mbili. Ndoo ilitoa povu na harufu kama ulanzi, pombe ya mianzi, uliochacha, lakini bawaba zilitoka kijivu safi, hata namba zilizogongwa kiwandani zikasomeka. Usiweke aluminiamu humo, italiwa.

Praima nilitumia ya epoksi, ile ya makopo mawili, kwa sababu praima ya kawaida inapitisha maji. Puti ilikuja juu ya praima hiyo, nyembamba. Ndani ya kingo nilipuliza oili safi niliyoyeyushia nta ya nyuki, baada ya kuhakikisha hakuna tena pa kuchomelea, maana nta inashika moto.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilikuta gari likiwa na praima tupu. Nililitoa nje, nikatandika magazeti kwenye sakafu isiyo na kapeti, nikasubiri. Baada ya saa mbili magazeti yote yalikuwa makavu, isipokuwa moja la upande wa abiria lenye doa la ukubwa wa sahani. Ni raba ya kioo, kona ya chini. Nimeagiza nyingine. Rangi itasubiri.