Siku yangu na stroberi kavu, Mtwara

Saa 10:30 alfajiri niko jikoni, Chuno. Kazi yangu ni kuoka keki, kufunga vitafunwa na kutengeneza vinywaji vya matunda. Wengi wakisikia hivyo husema, "Aa, kumbe unapikapika nyumbani." Kupikapika huku ndiko kunakolipa kodi ya nyumba na ada ya mdogo wangu, kwa hiyo leo nimeamua niwaonyeshe siku yenyewe inavyokwenda.

Cha kwanza naloweka stroberi kavu, zile za kutafuna, kwenye maji ya moto kwa dakika 20 hivi. Ukizitia zikiwa kavu, zitajinywea maji ya keki na kesho yake keki itakuwa inapukutika. Maji ya kulowekea simwagi, yana rangi na utamu. Yanachukua nafasi ya sehemu ya maziwa. Vipande nikishavikamua maji navikamulia ndimu, halafu navipaka unga mkavu visizame chini ya chombo. Hapo kwenye ndimu sifanyi mchezo, ndiyo inayolinda rangi. Wekundu wa stroberi haupatani na soda ya kuokea: soda ikizidi, vipande vinageuka rangi kama ya zambarau iliyofifia na mteja ataapa kwamba vimeoza.

Saa 1 vikeki vimetoka, mdogo wangu anavipeleka madukani Ligula. Saa 2 nakaanga korosho. Korosho za kwetu na stroberi kavu zinapendana sana, mafuta ya huyu na ukali wa yule, ila lazima korosho zipoe kabisa ndipo nifunge. Zikiwa na joto zinatoa mvuke ndani ya kifuko, na stroberi zinalegea.

Saa 4 stendi ya Mkanaledi, kufuata mzigo. Basi limechelewa, nasubiri juani. Stroberi hazioti kwetu, zinataka baridi ya Lushoto au Njombe, na mbichi zikisafirishwa bila ubaridi mpaka huku zinafika uji. Kavu zinafika salama, na kwenye kopo lisilopitisha hewa, mbali na mwanga, zinakaa miezi. Tangu mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilipokata barabara kule Somanga na magari yakakwama, sikubali kuishiwa akiba.

Saa 6 anaingia mama mmoja kutoka Mikindani. Ameagiza keki ya sendofu ya binti yake, ya jioni hii hii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niione."

Namwonyesha keki, namwonyesha na kopo la stroberi. Anatoa simu, kuna picha ya keki iliyojaa stroberi mbichi zinazong'aa. "Mwanangu, mimi nilisema stroberi. Hizi zimenyauka." Namweleza zimekaushwa, na ndivyo tulivyokubaliana alipotoa kianzio. Anampigia dada yake Dar es Salaam, anaweka spika, naye wa Dar anasema huko mbichi zipo kwenye friji za maduka. Sawa, zipo, lakini ziko Dar. Hapo mama anahamia kwenye bei: kitu kikavu, anasema, kiwe cha bei chee. Natamani kukaa chini. Namwambia, "Mama, stroberi asilimia 90 hivi ni maji. Kupata kilo moja kavu, zimekaushwa kama kilo kumi mbichi." Hasemi kitu. Anataka basi nizibandike juu zirudi oveni "zishike". Hapana, juu ya keki kwenye moto zinaungua na kuwa chungu, nitazipanga mwishoni. Yote haya yamekula saa nzima, na aising, ile krimu ya siagi ya kupaka keki, bado. Nikampa kipande kimoja na korosho, atafune. Akatafuna. "Kali kidogo," akasema, kisha akanyoosha mkono apewe kingine. Bei sikushusha.

Sasa ndiyo kazi inayonimaliza. Aising natumia stroberi zilizogandishwa ndipo zikakaushwa, nyepesi, zinavunjika zikiguswa. Nazisaga kwenye blenda mpaka ziwe unga. Rojo la stroberi mbichi lingeingiza maji na siagi ingekatika, lakini unga huu unaleta rangi na ladha bila tone la maji. Adui yake ni unyevu wa bahari. Ukifungua kopo ukazubaa, unga umeshashikana mabongemabonge. Kwa hiyo nafunga madirisha, nazima feni isiupeperushe, nachekecha haraka jasho likinitiririka mgongoni, siagi nayo inataka kuyeyuka. Napiga kidogo, naingiza friji, natoa, napiga tena. Mkono umekufa ganzi, saa siitazami.

Jua limeshazama mama aliporudi. Akaizunguka keki, akauliza nimetia rangi gani. Hakuna rangi ya dukani humo, mama, ni stroberi tupu. Akalipa iliyobaki, akaondoka na bajaji, keki mapajani.

Kabla ya kulala natia konzi mbili za stroberi kavu na choya kwenye jagi la maji, linakaa friji usiku kucha. Asubuhi nachuja, natia sukari kidogo, inakwenda kwa wateja wa ofisini. Vile vipande vilivyolainika navisaga na ndizi, vinakuwa kinywaji kizito cha watoto.

Mwenye sherehe wiki ijayo aseme mapema, unga wa stroberi uliobaki unatosha keki moja.