Vidole vya jaduong' na kalamu ya karani

Mwanzo wa 2022, kabla ya ule uchaguzi wa Agosti, nilipata kibarua cha ukarani wa kusajili wapiga kura hapa Kisumu, upande wa Nyalenda. Meza moja, kamera, mashine ya alama za vidole, foleni, jua. Jioni moja nikijiandaa kufunga akaja mvuvi mmoja mzee sana, jaduong' wa miaka kama 80, kitambulisho amekifunga ndani ya karatasi ya nailoni asije akakilowesha. Nikamshika kidole gumba nikakiweka kwa kioo, mashine ikakataa. Nikakipangusa, ikakataa tena. Ngozi ilikuwa imelainika kama mgongo wa kijiko, kamba za nyavu zilishamaliza ile mistari miaka mingi. Nilikuwa nimechoka na betri inaenda kuisha, nikamwambia mzee rudi kesho asubuhi.

Hakubishana. Alisema tu, "Nyathina, mwanangu, nimetembea kutoka Dunga."

Nikamrudisha kwa kiti. Lakini usiku huo sikulala vizuri, manake hakuna sheria Kenya hii inamzuia huyo mzee, katiba yetu ibara ya 38 inampa haki yake wazi kabisa, na bado kwa zile dakika mbili sheria ilikuwa ni mimi na uchovu wangu. Hapo ndipo nilianza kusoma vile watu weusi wa Marekani walipigania kura, na nikaona vita karibu yote ilikuwa hapo kwa meza ya karani.

Watu wengi hudhani walinyimwa kura kwa sababu katiba yao iliwakataa. Hapana. Marekebisho ya 15 ya katiba ya Marekani yalipitishwa 1870 na yanasema mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi. Kwa hivyo majimbo ya kusini yakatafuta njia ya kumfungia mlango mtu mweusi bila kumtaja. Mississippi wakaandika katiba mpya 1890: kwanza ulipe kodi ya kura dola 2, halafu usome kipengele cha katiba ya jimbo, na kama hujui kusoma usomewe ukieleze, na karani ndiye anaamua kama umeeleza vizuri. Louisiana nao wakaongeza kwamba kama baba yako au babu yako alikuwa na kura kabla ya 1867 huhitaji mtihani, na wewe fikiria babu wa mtu aliyekuwa mtumwa angekuwa na kura wapi. Hapo Louisiana, 1896 kulikuwa na weusi 130,334 kwenye daftari la wapiga kura. Kufika 1904 walibaki 1,342.

Mahakama ya Juu yao ilifuta hiyo sheria ya babu 1915, majimbo yakahamia kwa mbinu zingine. Texas ilikuwa ni mchujo, chama cha Democratic kikasema mchujo wake ni wa wazungu pekee. Sisi wa Nyanza hatuhitaji kufafanuliwa hiyo, ukishazuiliwa kwa mchujo mahali ambapo chama ni kimoja, huko kwingine unaenda kupiga muhuri tu. Daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, alienda kortini na 1944 akashinda, na wakili wake alikuwa Thurgood Marshall. Huyu ndiye baadaye alishinda kesi ya Brown 1954 iliyoharamisha kutenga watoto shuleni kwa rangi, na Januari 1960 akaenda London kwa mkutano wa Lancaster House, ule wa katiba ya Kenya, akiwa mshauri wa wajumbe wetu Waafrika. Tom Mboya wetu wa Rusinga ndiye alimwalika. Akawaandikia rasimu ya haki za kikatiba, na aliisisitiza sana kulinda wachache, yaani wazungu na Wahindi wa Kenya, mtu ambaye kwao alikuwa bado anapigania wachache ambao ni yeye na watu wake. Nikifikiria hiyo huwa namheshimu sana.

Lakini mwenye hunigusa zaidi ni Fannie Lou Hamer. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya 20, kazi yake ni shamba la pamba Mississippi. Agosti 31, 1962 yeye na wenzake, wote 18, wakapanda basi maili 26 kwenda Indianola kujisajili. Wakaingizwa wawili wawili. Akapewa kipengele cha katiba kuhusu sheria ambazo hazijaandikwa lakini zinatumika, aeleze maana yake, kitu ambacho hata wakili angetafuta pa kuanzia. Akaanguka mtihani huo. Wakirudi polisi wakasimamisha basi na dereva akashtakiwa ati basi lake lina rangi isiyofaa. Hamer alipofika nyumbani tajiri wa shamba akamwambia afute jina lake la sivyo aondoke, na alikuwa amefanya kazi hapo miaka 18. Akajibu kwamba hakwenda kujisajili kwa ajili ya tajiri, alienda kwa ajili yake mwenyewe. Usiku huo huo akahama. Alirudi kwa mtihani mpaka akapita.

Selma pia, Alabama, ofisi ya kusajili ilikuwa inafunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Machi 7, 1965 watu kama 600 wakaandamana kudai kura, wakavuka daraja la Edmund Pettus kwa miguu, wakapigwa rungu na gesi ya machozi, televisheni zikaonyesha nchi nzima. Agosti 6 mwaka huo Rais Johnson akatia sahihi Sheria ya Haki za Kupiga Kura, na nilipoisoma niliona walioiandika walimjua karani vizuri sana. Ilisimamisha mitihani ya kusoma. Ikaruhusu serikali kuu kutuma makarani wake kule ambako wale wa huko wanakataa kuandikisha watu. Halafu kifungu cha 5, huu ndio moyo wake: maeneo yenye rekodi mbaya, kabla ya kubadilisha chochote cha uchaguzi, hata kuhamisha kituo cha kura kutoka kanisa hili hadi shule ile, lazima kwanza yaombe ruhusa Washington na yenyewe yathibitishe kwamba hakuna mtu ataumia. Mzigo ulihama. Usingoje kupoteza kura ndio ukimbilie kortini kesi ikamilike uchaguzi ukishapita. Mississippi weusi waliosajiliwa walikuwa asilimia 6.7, kufika 1967 walikuwa asilimia 59.8. Miaka miwili!

Juni 25, 2013, katika kesi iliyoletwa na kaunti ya Shelby, Alabama, majaji 5 dhidi ya 4 wakafuta ile fomyula ya kuchagua ni maeneo gani yanahitaji kuomba ruhusa, wakisema imepitwa na wakati. Kifungu cha 5 kikabaki kimeandikwa lakini hakina wa kumshika. Jaji Ruth Bader Ginsburg akapinga, akasema hiyo ni kama kutupa mwavuli kwenye mvua kwa sababu hulowi. Siku hiyo hiyo Texas ikatangaza inaanza kutumia sheria yake ya vitambulisho ambayo ilikuwa imezuiwa. Hiyo hukumu inaniuma, nasema wazi, na mimi si Mmarekani.

Jaduong' naye, tukijaribu kidole baada ya kidole, alinisimulia Machi 1957, Waafrika walipopiga kura mara ya kwanza Kenya kuchagua wawakilishi wao na Jaramogi Oginga Odinga akachukua kiti cha Nyanza ya Kati. Mkoloni alipima mtu kwa elimu, mapato, mali, utumishi, na ukiwa na sifa nyingi unapewa kura hadi tatu. Mwalimu jirani yao alipata mbili. Baba yake, mvuvi asiyejua kusoma, hakupata hata moja, akakaa ufuoni akishona wavu wakati wengine wanaenda.

Kile kidole kilikubali ni cha pete, mkono wa kushoto. Giza lilikuwa limeingia, nilikuwa namulika kioo na tochi ya simu. Akauliza, "Sasa mimi niko ndani?" Nikamgeuzia skrini aone jina lake, akainama karibu sana kwa sababu ya macho, akalisoma herufi kwa herufi mpaka mwisho.