Kile kitufe cha a b/c ambacho wengi hawakigusi

Juzi Jumapili mdogo wangu wa form three kaja na daftari la fizikia huku kanuna, ananiambia dada hii kalkuleta mbovu, inanipa majibu ya ajabu. Nikaichukua, ni Casio fx-82MS, ileile niliyosoma nayo mimi, na haina ubovu wowote. Alikuwa anagawanya 12 kwa robo tatu, akaandika 12 ÷ 3 ÷ 4, ikaja 1. Sasa kwenye 12 robo tatu ziko 16, hiyo 1 imetoka wapi? Ni kwamba mashine inagawanya kuanzia kushoto, 12 kwa 3 inapata 4, halafu 4 kwa 4 inapata 1, haina namna ya kujua kwamba 3 na 4 ulitaka ziwe kitu kimoja. Ukiandika 12 ÷ 3, ukabonyeza a b/c, yaani kitufe cha sehemu, ukaweka 4, inazishika pamoja kama sehemu na 16 yako inakuja. Mabano nayo yanakubali.

Mbili na robo tatu unaandika 2 a b/c 3 a b/c 4. Ukishabonyeza = ukagusa a b/c tena inageuka 2.75, gusa tena inarudi sehemu, na ukianza na SHIFT inakuwa 11 juu ya 4. Wenye zile Casio zenye herufi ES kwenye jina kazi ya kugeuza inafanywa na S⇔D. Na usishtuke ukichanganya nusu na 0.25 kwenye hii MS ikakupa desimali, ndivyo ilivyotengenezwa.

Ila kilichoniuma zaidi ni swali la kutafuta ukinzani wa jumla wa rezista mbili, 4 ohm na 6 ohm zimefungwa sambamba, unajumlisha moja ya nne na moja ya sita halafu unagawanya 1 kwa jumla hiyo. Kaandika 0.25 + 0.17 kapata 0.42, kagawanya 1 kwa 0.42 kapata 2.38, wakati jibu ni 2.4 kamili! Moja ya sita sio 0.17 jamani, ni 0.1666 isiyoisha, ukishaikata pale mwanzoni kosa unatembea nalo mpaka mwisho. Nikamwambia weka sehemu zako kama zilivyo, 1 a b/c 4 + 1 a b/c 6, inakuja 5 juu ya 12, halafu 1 ÷ Ans (kitufe kinacholeta jibu lililopita), inakupa 2 na mbili ya tano, hapo ndo uguse a b/c uone 2.4. Desimali inakuja mwisho kabisa, mimi hapo siko tayari kubishana na mtu.

Akaniuliza, je mwalimu akitaka desimali mbili? Basi MODE mara tatu, chagua 1 ambayo ni Fix, weka 2. Tukajaribu 50 ÷ 7, skrini ikaonyesha 7.14, tukaendelea hapohapo × 7 ikaja 50.00. Halafu nikamwambia futa, andika mwenyewe 7.14 × 7, ikaja 49.98. Alikaa anaiangalia ile skrini muda mrefu, maana kumbe kalkuleta tarakimu zingine ilikuwa imezitunza ndani, yeye ndo alikuwa anazitupa kila anaponakili jibu kwenye karatasi na kulirudisha.

Akachukua kifutio akaanza upya kuanzia swali la kwanza, chai yake ikapoa palepale mezani.