Adhana Ghorofa ya Sita

Siku tano za Yokohama, Japani, sitazisimulia. Nilikwenda kwa kazi ya magari, nikaona minada na yadi, nikala wali na samaki nikashiba. Ninachotaka kukieleza ni masiku mawili ya mwisho, Tokyo, mtaa wa Ueno, kwa sababu lililonipata pale linanirudia kila adhana ya alfajiri inapotoka hapa kwetu Tanga.

Mwenyeji wangu ndiye aliyenishauri nilale hoteli ya vijumba, yaani ya matundu ya kulala mtu mmoja mmoja. Akanieleza kuwa ya kwanza ilifunguliwa Osaka mwaka 1979, na aliyeichora ni msanifu Kisho Kurokawa, yuleyule wa mnara wa vijumba wa Ginza uliojengwa 1972 na kuanza kubomolewa 2022. Wateja wa mwanzo walikuwa watu wa maofisini waliokosa treni ya mwisho. Treni za Tokyo hulala usiku wa manane mpaka alfajiri, na teksi ya kumfikisha mtu pembezoni mwa mji huweza kumtoa pesa nyingi kuliko kitanda. Siku hizi hulala humo hata wasafiri kama mimi, wenye kuhesabu.

Na mimi nilihesabu. Ijumaa yeni 4,200, karibu elfu 70 za Tanzania. Jumamosi, kwa tundu la ukubwa uleule, yeni 6,900, eti kwa kuwa ni wikiendi. Kwa fedha hiyo gesti ya Tanga nzuri tu ningepata chumba chenye mlango, feni na chai ya asubuhi, na chenji ingebaki. Tena ingawa nimelipia masiku yote mawili, nilitakiwa kutoka saa nne asubuhi na nisirudi kabla ya saa tisa alasiri. Sanduku langu halikuingia kwenye kabati walilonipa. Lilifungwa kwa waya pale mapokezi pamoja na masanduku ya watu wengine, na humo ndani mlikuwa na zawadi zote za watoto.

Viatu vinavuliwa mlangoni. Unapewa ndara, nguo za kulalia na bangili yenye namba. Wanaume wana ghorofa zao na wanawake zao, na lifti zao pia. Mimi niliangukia ghorofa ya sita. Nilipofungua mlango wa ukumbi nikakumbuka masanduku ya posta, yale yaliyopangwa ukutani safu juu ya safu, isipokuwa haya ni ya kuingia mtu. Urefu kama mita mbili, upana mita moja, na kimo chake unakaa kitako, husimami. Ndani mna taa, soketi ya kuchajia simu, tundu la hewa, shuka lililopigwa pasi. Ni pasafi, nisiwadhulumu. Mlango hakuna, ni pazia la kuteremsha tu, kwa sababu kijumba huhesabiwa kitanda, si chumba, na kitanda hakitiwi kufuli.

Bafu ni la pamoja, watu wanaoga uchi wa mnyama na kuingia hodhi moja la maji moto. Sikuweza. Nilingoja hadi saa nane usiku, pakiwa hapana mtu, nikaoga haraka na taulo kiunoni.

Kilichonishangaza kuliko bafu ni ukimya. Ukumbi ule ulikuwa na vijumba 40 hivi na karibu vyote vina watu, najua kwa kuona ndara chini ya ngazi. Nilipopishana na mtu nilitaka kumsalimu, naye akainamisha kichwa kidogo akapita. Hakuna aliyeongea, hata kwa simu. Wenye kukohoa walikohoa ndani ya mto. Nikapanda ngazi yangu ya chuma hatua kwa hatua, kila hatua ikilia, nikateremsha pazia na kulala nimebana viwiko.

Saa kumi na dakika ishirini na tano simu yangu ikaadhini.

Programu ya nyakati za swala ilikuwa imeshabadilisha saa yenyewe kufuata Tokyo, nami sikufikiria kuinyamazisha, kwa sababu nyumbani huwa siinyamazishi. Sauti ilikuwa juu kabisa. Simu imeteleza kati ya godoro na ukuta, giza, mkono hauingii. Takbira zikapita. Shahada zikapita. Napapasa, nagonga plastiki kwa kiwiko, na ukumbi mzima unaitika kama ngoma. Ikafika pale inaposema swala ni bora kuliko usingizi, ndipo vidole vikaipata. Nikaizima, na moyo ukaniuma mara mbili: kwa kuwaamsha wale watu, na kwa kuikata adhana kwa pupa namna ile.

Nikangoja. Nilijua lazima atatokea mtu wa kunigombeza. Nikatayarisha neno, sumimasen, yaani samahani, nikawa nalirudia kimoyomoyo. Hapakuja sauti. Hapana pazia lililofunguliwa, hapana aliyeguna. Watu 40 wameamka, nawasikia kwa namna walivyoacha kukoroma, na wote wamenyamaza.

Kwa bibi, Ngamiani hapa Tanga, siku za arusi tulilala watoto na wakubwa kumi na wawili chumba kimoja, mkeka kwa mkeka. Kila mtu aliijua koroma ya mwenzake. Lau simu ingelia hivyo, mjomba angeng'aka gizani, "We! Zima dude hilo, watu wamelala!" Bibi naye angemjibu kuwa aliyeamshwa na adhana ashukuru. Asubuhi wangenicheka kwenye chai na mihogo, na shauri lingeishia hapo. Kugombezwa ni kupewa nafasi ya kuomba radhi. Mimi pale nilibaki na radhi yangu mdomoni na sijui nimpe nani.

Nikashuka kimyakimya nikatawadha. Kijumbani huwezi kusimama, basi nilitandika taulo kwenye upenyo kati ya makabati, nikaelekea magharibi kidogo kaskazini, nikaswali. Niliporudi vijumba vyote viliniangalia kwa mapazia yaleyale meupe.

Saa moja nilikwenda mapokezi. Kijana wa zamu alikuwa mpole sana. Nikaandika kwenye simu, ikatafsiri: kulikuwa na kelele ghorofa ya sita alfajiri, naomba radhi. Akasoma, akainama mpaka kiunoni, akaniomba radhi yeye, kisha akanipa vizibo vya masikio. Alidhani nimekuja kushtaki. Nikaandika tena: kelele ni zangu mimi. Akainama tena. Daijobu, daijobu, yaani haidhuru. Hakuna aliyelalamika, akasema, na alidhani ananipa habari njema.

Mchana niliumalizia bustani ya Ueno kwenye benchi, miguu imevimba, na soko la Ameyoko nilikopata kababu ya halali na mtu wa kusalimiana naye. Niliporudi saa tisa, namba yangu ilikuwa imebadilishwa. Ghorofa ya nane. Majirani zangu wa jana nimeshawapoteza. Nilikaa kwenye ukumbi wa chini hadi saa nne usiku nikiwatazama wanaume wanaotoka kwenye lifti, mmoja mmoja, nikijiuliza ni yupi niliyemwamsha, na sikumjua hata mmoja.

Usiku huo nilizima simu kabisa. Nililala kwa vipande, nikaamka mwenyewe kabla ya wakati. Nilikuwa bado nimelala chali nikisikiliza mashine ya hewa, mara kijumba cha chini yangu simu ikalia. Mlio mfupi, wa kengele ya kuamkia. Ukanyamazishwa papo hapo, kisha nikamsikia mwenyewe akivuta pumzi na kuizuia.

Nikageukia ukuta. "Haidhuru, ndugu yangu," nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumfikia.

Baada ya kitambo pumzi yake ikatoka.